Simama, Weka Karatasi Chini

Hivi wewe uliyesoma Kiswahili mpaka chuo, unaukumbuka mtihani wa fasihi simulizi? Saa tatu za ukimya. Wasimamizi wanapita katikati ya madawati, na ukionekana unafungua mdomo tu unatolewa nje. Yaani mtihani wa fasihi ya mdomo, na kosa kubwa kuliko yote ni kufungua mdomo!

Mimi nimeufanya huo mtihani na nikapata A. Niliorodhesha sifa zote: fanani, hadhira, utendaji, papo kwa papo. Nikatoa na mifano. Lakini katika muda wote niliokuwa chuo mpaka kufikia siku ile, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisimame nighani hata beti mbili. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya udereva kwa sababu ameandika insha nzuri kuhusu usukani.

Leo nataka kuzungumzia kitu ambacho naamini kila chuo kinachofundisha fasihi hapa kwetu kingekifanya kuwa lazima: mwanafunzi, kabla hajahitimu, asimame peke yake mbele ya watu, bila karatasi, aitende kazi moja ya fasihi kwa sauti yake mwenyewe. Shairi, utenzi, sura ya riwaya, hadithi fupi, chochote. Robo saa inatosha.

Najua wengine mmeshaanza kuguna. Tatizo la elimu yetu ni kukariri, halafu huyu anataka watu wakariri zaidi? Subirini kidogo, nitafika huko. Kwanza niwape kisa.

Mwaka wa mwisho tulipata mwalimu mmoja wa makamo, mpole, asiyependa kabisa kuandika ubaoni. Wiki ya kwanza akatutangazia kwamba sehemu kubwa ya alama za somo lake hatutaziandika, tutazisimamia. Kila mtu achague kazi moja, aihifadhi, aje kuighani peke yake kwa dakika 15. Hakuna ngoma, hakuna mavazi ya maigizo, hakuna mwenzako wa kukupokea ukichoka. "Siku yako ikifika," alisema, "unasimama, unaweka karatasi chini, unaanza."

Tulilalamika, tena si kidogo. Sisi watu wa mwaka wa tatu turudishwe chekechea? Madesa ya somo lile tulikuwa nayo tangu kwa kaka zetu waliotutangulia, mwaka hadi mwaka hayabadiliki, halafu anakuja mtu anaharibu utaratibu! Kuna waliokwenda kuulizia kama inawezekana kubadili somo. Haikuwezekana.

Mimi nikachagua kwa hesabu. Nikachukua sehemu ya Utendi wa Liyongo, ule alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Kwa nini? Kwa sababu mshororo wa utendi una mizani nane tu, vina vinakubeba, ukishika mwanzo wa ubeti mwisho unajileta wenyewe. Nikachagua pale Liyongo yuko gerezani na mama yake anampelekea mkate wenye tupa ndani. Nikapiga msuli wiki mbili. Bafuni naghani, kwenye daladala naghani kimoyomoyo. Nikawa na uhakika naiweza hata usingizini.

Siku yangu ikafika. Nikasimama, nikaweka karatasi chini, nikaanza. Dakika ya kwanza mpaka ya tano mambo safi kabisa. Nikafika pale kijakazi Saada anapoleta chakula mlangoni na walinzi wanakipokea. Kimya. Kichwani hakuna kitu. Nikarudia ubeti wa nyuma ili nipate kasi ya kurukia ule unaofuata, kama tunavyofanya wote tukisahau. Kimya tena. Jasho likaanza kunitoka.

Mwalimu hakunikumbusha neno. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, hawa walinzi wanacheka nini?"

Sikujua. Nimeshasema nilikuwa na A ya fasihi simulizi, lakini sikujua walinzi wa Liyongo wanacheka nini.

Nikaketi. Usiku ule nikaurudia utendi wote, safari hii nikiwa sina haraka. Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mama yake Liyongo alipika mikate ya aina mbili: mizuri, na ule wa wishwa, pumba ambazo hakuna mlinzi angezitamani. Tupa aliificha kwenye ule wa wishwa. Alijua kwamba walinzi wataula ule mzuri, kama walivyozoea kula chakula cha mfungwa, na ule mbaya watamtupia mwanawe huku wakimkejeli. Kwa hiyo kicheko chao si pambo la hadithi. Mpango wote umesimama juu ya dharau yao. Wangekuwa na adabu kidogo tu, Liyongo angekufa gerezani.

Tangu usiku ule sijausahau ubeti ule tena. Na sikuukariri upya. Nilikuwa nimejua kwa nini upo pale, basi.

Sasa turudi kwa wale walioguna. Ndiyo, kukariri ni ugonjwa wetu. Tunakariri madesa, tunayamwaga kwenye karatasi, tunatoka nje ya ukumbi tukiwa weupe kabisa. Lakini kukariri kwa namna hiyo kunawezekana kwa sababu karatasi haiulizi kitu. Ukiandika "mwandishi ametumia kejeli" unapata alama yako, hata kama hujui nani anamkejeli nani. Ukisimama kughani huna pa kujificha. Lazima uamue: hapa sauti ipande au ishuke? Huyu anayesema amekasirika au anaogopa? Ananyamaza kwa sababu amemaliza, au kwa sababu kilio kimemkaba? Kila pumzi ni uamuzi, na kila uamuzi ni tafsiri. Mwenye kukariri bila kuelewa ataumbuka kama nilivyoumbuka mimi, hadharani, mchana kweupe. Ndiyo maana nasema huu ni mtihani unaomfichua mkariri kuliko mtihani wowote wa kuandika.

Baada yangu, wiki iliyofuata, alisimama dada mmoja ambaye darasani alikuwa haongei kabisa. Alichagua Utendi wa Mwana Kupona, ule wa mwaka 1858. Darasa zima tukahema, maana ule utendi tulishauhukumu muda mrefu. Kwenye semina tulikubaliana, wasichana wakiwa mstari wa mbele, kwamba ni utendi kandamizi: mama anamfundisha binti kumnyenyekea mume. Kesi imefungwa.

Yule dada hakusimama. Alivuta kiti, akakaa, akajiegemeza kama mtu ambaye mgongo haumshiki vizuri. Akaanza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba binti yake asogee karibu na alete wino na karatasi. Ghafla nikakumbuka kitu ambacho kiko wazi kabisa mwanzoni mwa ule utendi na sisi wote tulikipita: huyu mama ni mgonjwa. Aliugua muda mrefu, na alifariki takriban mwaka 1860. Kila baada ya beti kadhaa yule dada alikuwa anavuta pumzi kama anayeibania. Alipofika kwenye zile nasaha za kumtunza mume, zile tulizozipigia kelele, hazikusikika kama amri. Zilisikika kama maneno ya mtu anayejua kwamba hatakuwepo, na mwanawe atabaki kwenye dunia ambayo haina huruma kwa binti asiye na mama, kwa hiyo anampa silaha pekee anazozifahamu.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi kwa muda. Kisha mjadala ukalipuka, mpaka tukamaliza kipindi cha watu wengine. Mtu mmoja akamuuliza: kwa hiyo wewe unakubaliana na huyu mama? Akajibu, "Hapana, sikubaliani naye. Ila zamani nilikuwa simjui."

Hiyo ndiyo semina bora kuliko zote nilizohudhuria. Hakuna aliyebadili msimamo kuhusu haki za wanawake, wala haikuwa lazima. Lakini tuliacha kumhukumu mtu ambaye hatujamsikiliza.

Watu watasema haya ni mambo ya kuiga wazungu. Ni kweli wenzetu wameyafanya sana. Kule Marekani, Robert McLean Cumnock alianzisha shule ya usemaji katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, mwaka 1878. Miaka miwili baadaye, 1880, Charles Wesley Emerson akafungua ya kwake mjini Boston, ambayo leo ni Emerson College. Katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi alichukua riwaya au mashairi, akayapunguza yatoshe muda wake, akayahifadhi, kisha akasimama peke yake mbele ya hadhira akiwa msimulizi na wahusika wote kwa pamoja. Ilikuwa taaluma kamili, yenye idara na maprofesa wake. Wallace Bacon, aliyeongoza idara hiyo pale Northwestern kwa miaka mingi katika karne ya 20, alifundisha kwamba kazi ya mghani ni kukutana na mtu mwingine asiye yeye. Mwaka 1984 idara ile ilibadilishwa jina na kupanua wigo, ikaanza kuchunguza utendaji wa kila aina na si wa fasihi pekee.

Lakini jamani, hivi kweli sisi ndio wa kwenda Boston kujifunza kughani?

Mtazameni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalianza kukusanywa miongo kadhaa baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia Mwingereza William Taylor kuyaandika. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya kifo chake. Sasa jiulize, muda ule wote mashairi mengi yalikuwa wapi? Yalikuwa vinywani. Watu wa Mombasa waliyabeba. Bila wao, leo tusingekuwa na Muyaka wa kumsoma, na maswali mangapi ya mitihani yangekosekana!

Watazameni wapiga enanga wa Kagera. Mtu mmoja, ala moja yenye nyuzi, anakaa mbele ya watu anasimulia utendi wa Rukiza au Kachwenyanja, yeye ndiye shujaa, ndiye adui, ndiye mke anayelia. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliwafanyia utafiti mkubwa watu hawa. Na Ebrahim Hussein, tunayemjua zaidi kwa Kinjeketile, alitoa mwaka 1976 kitabu cha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, tungo mbili zinazotaka msimulizi mmoja tu jukwaani. Kitabu kipo. Wangapi kati yetu tumewahi kukisikia kikitendwa? Tumekisoma kimyakimya, tukakipigia mstari kwa kalamu ya wino mwekundu, tukaenda kwenye mtihani.

Kwa hiyo kitu chenyewe ni chetu. Kilichobaki ni kukiingiza darasani, mahali ambapo kwa maajabu ya Mungu ndipo kilipofukuzwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sizungumzii ile kughani ya kumpokea mgeni rasmi. Mnaijua: watoto wamepangwa mstari, mikono inarushwa juu kwa pamoja, sauti kali, na kila ubeti unaishia kumshukuru mheshimiwa kwa maendeleo. Mathias Mnyampala alipoendeleza ngonjera baada ya Azimio la Arusha la 1967, alikuwa na lengo la kuwaelimisha watu, na vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta, vilivyotoka 1970 na 1971 baada ya yeye kufariki, vilisambaa mashuleni. Lakini sisi tumeichukua sanaa ile tukaifanya kipaza sauti cha kupongeza. Hata kule Marekani walipitia balaa linalofanana na hili: kuna wakati usemaji uligeuka kuwa kanuni za mikono na uso, huzuni inaonyeshwa hivi, hofu hivi, mpaka watu wenye akili wakaanza kuucheka. Ukighani ili uonekane unajua kughani, fasihi imeshakufa.

Majirani zetu wa Kenya nao wana mashindano. Kenya Music Festival ilianza mwaka 1927, na ndani yake kuna kughani mashairi, mtu mmoja mmoja na kwa kundi. Nawavulia kofia, maana vijana wao wanasimama mbele ya watu bila woga. Lakini mashindano ni mashindano, wapo wanaochaguliwa na wapo wanaobaki darasani. Mimi nataka na yule asiye na kipaji asimame. Hasa yeye.

Kuna hoja ya idadi. Madarasa yetu ni makubwa, mwalimu mmoja watu 300, atawasikiliza lini? Tupige hesabu. Watu 300 kwa dakika 15 ni saa 75. Ukiwagawa kwenye semina za watu 20, kila semina inahitaji saa tano, yaani saa moja kwa wiki kwa wiki tano. Kama wasaidizi wa kufundisha wapo wa kusimamia semina za kujadili madesa, wapo wa kusikiliza. Na wenye haya? Waanze mbele ya watu watano. Wenye kigugumizi? Wapewe muda zaidi, maana alama hazitolewi kwa uzuri wa sauti. Zinatolewa kwa kuelewa.

Na wale wanaodai kwamba mashairi huru, tangu Kichomi cha Kezilahabi cha 1974, hayaimbiki kwa hiyo si mashairi, nawaambia wawasikilize wanafunzi wakiyatenda. Pale ambapo hakuna kina cha kukushika mkono, lazima uushike mstari kwa maana yake. Ni vigumu zaidi, lakini yanasemeka vizuri sana.

Kuna jambo moja la mwisho. Vijana wa leo hawaogopi maikrofoni. Tangu usiku wa mashairi wa Kwani? kule Nairobi miaka ya 2000, mpaka watu wetu wa hip hop hapa Bongo, kusimama na kusema tunaweza. Lakini mara nyingi tunasema ya kwetu: maisha yangu, mtaa wangu, maumivu yangu. Ni haki yetu. Ila kubeba maneno ya mtu mwingine, mzee wa Pate, mama mgonjwa, mfungwa, na kuyafikisha yakiwa mazima bila kuyapindisha yafanane na wewe, hiyo ni nidhamu nyingine kabisa.

Nimeifahamu vizuri zaidi baada ya kuingia kwenye uandishi wa habari. Kazi yangu ni kuchukua maneno ya watu na kuyapeleka kwa watu. Mara ngapi nimeshawishika kuchukua nusu ya sentensi ya mama wa sokoni kwa sababu nusu ile inanogesha kichwa cha habari? Nikishikwa na tamaa hiyo namkumbuka Saada. Liyongo hakuweza kumwandikia mama yake barua. Alimpa kijakazi ujumbe wa fumbo, naye akaubeba kwa mdomo, akapita mbele ya walinzi, akaufikisha kama ulivyo. Angebadilisha neno moja, mkate ungepikwa vingine na hadithi ingeishia pale. Hakuna anayemtaja Saada kwenye orodha ya mashujaa. Mimi kwangu ndiye mghani bora kuliko wote.

Chuo hakijanisikia na huenda kisinisikie. Lakini wewe huhitaji kibali cha chuo. Chukua ukurasa mmoja wa kazi unayoipenda, au hata unayoichukia kama sisi tulivyomchukia Mwana Kupona. Uhifadhi. Wiki ijayo mkiwa mmekaa na wenzako, simama, weka karatasi chini, uanze. Ukisahau katikati usione aibu, ila jiulize walinzi wanacheka nini.

Mimi yule mwalimu bado ananidai. Nilikaa chini siku ile bila kumaliza, akanipa alama za huruma tu. Nikikutana naye popote, hata kituo cha daladala, nitamsimamisha nimmalizie.